Kibao cha Bwana Afya

Jina lake sitaliandika. Analo, na ni jina zuri, lakini kwa miaka yote niliyomjua hakuna aliyelihitaji. Sisi akina mama wa mbolea tulimwita bwana afya, wauza nyama walimwita bwana afya, na mkewe mwenyewe akipiga simu sokoni kumtafuta aliuliza kama bwana afya amepita huko. Mwaka wa elfu mbili na saba ulipokuwa unaisha ndipo watu wakakumbuka ghafla kwamba ana jina la pili, na kwamba jina hilo linatoka upande fulani wa nchi. Tangu hapo sipendi kulisikia mdomoni mwa mtu. Hapa atabaki alivyokuwa kwetu kabla ya hayo.

Kazi yake ilikuwa kukagua. Manispaa ilimpa upande wetu wa Nakuru, kuanzia nyuma ya soko tunapotengenezea mbolea, kupitia mikahawa na bucha za barabarani, hadi kule mji unapoanza kupanda kwenda Milimani, kwenye miti na malango yenye mbwa wakali. Alitembea kwa miguu, koti jeupe juu na gambuti nyeusi chini, hata jua likiwaka na vumbi jeupe la ziwani likipaa mitaani. Mfukoni hakukosa kiberiti, ingawa hakuvuta sigara. Mkononi alibeba fimbo ndefu ya mkaratusi aliyoichonga alama za kupimia kina cha mashimo, na mbwa wa Milimani hawakuamini hata siku moja kwamba ni ya kupimia mashimo.

Chombo chake hasa kilikuwa pua. Alifika mahali, akasimama langoni, akafumba macho, akavuta hewa. Ukimsemesha wakati huo alikuinulia kidole. Akifumbua macho alikuwa ameshajua. "Hapa kuna samaki alikufa mara mbili," alimwambia mwenye mkahawa mmoja mbele yangu, na mkahawa ukafungwa hata chai ya asubuhi haijachemka. Wapishi walimlaani kwa sauti ya chini, kisha wakienda kula kwa wenzao waliuliza kwanza kama bwana afya amepita pale wiki hiyo.

Hakupenda kuitwa daktari, na watu waliotaka kumlainisha walimwita hivyo. "Mimi si daktari," alijibu. "Daktari anakuja ukishagonjeka. Mimi nakuja kabla, ndio maana hakuna mtu ananipenda." Alilisema neno hilo akitabasamu, nasi tulicheka. Siku hizi nikilikumbuka sicheki.

Alipofunga mahali alitundika kibao cha mbao chenye maandishi mekundu, IMEFUNGWA, na chini yake AFYA. Alivichora mwenyewe vibao hivyo, maana vya manispaa vilikuwa vya karatasi na mvua moja ilitosha kuvimaliza. Sheria yake juu ya kibao ilikuwa moja: anayekitoa ni yule aliyekiweka. Kuna mwenye bucha aliyekitoa mwenyewe, akidai ameshapaka kuta chokaa na nzi wamekwisha. Bwana afya alirudi, akakitundika tena palepale, akaondoka bila hata kuchungulia ndani. "Chokaa nitaiona siku yangu ya kuja," alisema. Mwenye bucha alikaa nje akiota jua siku nyingi kuliko alizostahili, na kuanzia hapo hakuna aliyekigusa tena kibao cha bwana afya.

Msije mkadhani alikuwa malaika. Mtu huyo aliyekuwa akiwafukuza wachoma mahindi kwa sababu ya vumbi na mikono michafu, mimi mwenyewe nilimkuta nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli akila hindi la kuchoma lenye pilipili na ndimu, koti amelivua na kulikunja kwapani ili lisionekane. Aliponiona alitafuna kwanza, akameza, ndipo akasema, "Hapa siko kazini." Nilimwambia tumbo lake halijui kama koti limevuliwa. Alicheka mpaka akapaliwa na pilipili, nami ikabidi nimpige mgongoni.

Tulizoeana kwa sababu ya tangi. Kikundi chetu kilikuwa kikitengeneza mboji ya kawaida: maganda ya sokoni, nyasi za Milimani, samadi, unarundika, unageuza, unangoja. Mapema mwaka huo wa elfu mbili na saba mhadhiri mmoja wa chuo kikuu kule Njoro akatushawishi tujenge tangi la bayogesi. Uchafu unaingia kwa mdomo wa huku, unaozea ndani pasipo hewa, gesi inapanda kwenye bomba kwenda jikoni, na tope linatokea upande wa pili kuwa mbolea. Tulilijenga wenyewe, mwenyekiti wetu akibeba mawe pamoja nasi na mgongo wake ule mbovu. Nia yetu ilikuwa kupikia watu wa soko githeri ya mahindi na maharagwe, na chai, kwa moto usiotugharimu kuni wala makaa, na mbolea iendelee kutoka.

Kumbe sheria haikuwa imefikiria mambo hayo. Vitabu vya manispaa vilijua mboji, na vilijua karo la maji machafu. Tangi la gesi havikulijua. Karo haliruhusiwi karibu na soko, kwa hiyo kama chombo chetu ni karo, kinabomolewa. Mhadhiri alikuja kututetea na nusura atumalize.

"Kitaalamu hii si mboji," alimwambia bwana afya. "Mboji inataka hewa. Huku ndani hakuna hewa hata kidogo."

Nilimkanyaga mguu, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Bwana afya alilizunguka tangi polepole. Aliinama akatega sikio kwenye tumbo lake la saruji, akasikiliza namna linavyonguruma.

"Hii inakula nini?" aliniuliza mimi.

"Maganda ya soko na mavi ya ng'ombe."

"Na inatoa nini?"

"Mbolea. Na moto wa chai."

"Basi mimi nitaiandika mboji. Mboji ya kufungiwa." Mhadhiri akacheka, lakini bwana afya alikuwa amekunja uso. "Usicheke, mwalimu. Unasema ukweli, haina hewa. Sasa hiyo hewa itaipata ikitoka. Nikiiandika mboji itafuata sheria ya mboji mpaka mwisho. Hiyo tope haiendi kwa shamba ya sukuma wiki ya mtu ikiwa mbichi."

Ndivyo alivyoliokoa tangi letu, na papo hapo akalifunga kamba shingoni. Tope likitoka tulitakiwa kulilaza juu ya majani makavu ya ngano, ambayo mhadhiri alitutumia kwa lori kutoka mashamba ya Njoro baada ya mavuno. Tulitakiwa kuligeuza lipate hewa, lipate joto, lipoe, na lisinuke kitu ila udongo. Taka za machinjioni zilipigwa marufuku, na nepi za watoto, na mnyama aliyekufa. Maji yake yasifike kwenye mtaro, kwa sababu mtaro unaelekea kwenye kisima cha majirani. Nililalamika kwamba wenzetu vijijini wanalimwaga shambani likiwa bichi na mboga zinaota. "Ndiyo, zinaota," alisema, "na kila kitu kingine pia kinaota." Tangu siku hiyo akaanza kuniita Mama Tangi, na jina likanigandama mpaka leo.

Maneno yake yale ya kuota yalikuwa na maana, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa kipimo chake. Alipotaka kujua kama mboji ya watu wengine au tope letu limeiva alilichota kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akalinyunyizia maji na kuliweka dirishani ofisini. Mbegu za nyanya ni sugu. Zinapita kwenye tangi kama mgeni anayepita sebuleni, na tope lisipopata joto lake nje, zinachipua. Miche ya nyanya ikijitokeza kwenye mkebe, tope lako bado, nawe unarudi kuligeuza. Nyote mnaotaka kujua bwana afya alikuwa mtu wa namna gani, sikilizeni hili: miche ile hakuweza kuing'oa. Aliibeba nyumbani ndani ya mikebe yake, akaipanda. Shamba lake dogo lilijaa nyanya zilizotokana na makosa ya watu wa mji mzima, na zilipoiva alituletea kwenye mfuko.

"Mama Tangi, hizi ni zenu," alisema. "Za ile tope mliniapia imeiva."

Zilikuwa nyanya tamu, na kila mara tulizila kwa aibu kidogo.

Nyumbani kwake hakukuwa na gesi. Hilo lilikuwa fumbo letu kwa muda, mtu anayezunguka mji akipima moto wa wenzake, na kwake wanapikia makaa. Siku moja mkewe alikuja sokoni nikamuuliza. Alishika kiuno. "Mimi ugali wangu upikwe na moto wa mavi? Aendelee na hiyo kazi yake huko nje. Kwangu tayari anafunua kila sufuria kama ameambiwa kuna maiti ndani." Alilalamika sana juu ya kukaguliwa kwa sufuria zake, na alilalamika kwa sauti ya mwanamke anayependwa.

Sasa nieleze chai. Bwana afya hakunywa wala hakula chochote mahali ambapo hajapitisha. Ungemkaribisha vipi, angekaa na mikono magotini. Akishakagua, akaridhika, ndipo alipoomba chai mwenyewe, na ilikuwa lazima iwe strungi, chai ya rangi bila maziwa, kwa sababu alisema maziwa yanaficha makosa ya moto. Moto mchafu unaacha moshi ndani ya chai na yeye angeuonja. Siku tangi letu lilipopita mara ya kwanza, alitoa kiberiti chake, akawasha jiko, akainama kuutazama moto ule wa bluu unaosimama wima bila masizi. Nilimchemshia. Alinusa kikombe, akanywa funda moja, akalishika mdomoni, akameza.

"Iko sawa," alisema.

Hayo maneno mawili ndiyo yalikuwa kibali. Karatasi ilifuata baadaye na sikumbuki niliiweka wapi. Kila alipokuja kukagua mwaka ule ilikuwa hivyohivyo, pua, fimbo, sikio, kiberiti, na mwisho kikombe. Nilianza kuingoja siku ya ukaguzi kama mtu anayengoja mgeni wa heshima, na nilikuwa na kikombe chake cha bati ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukinywea.

Tukafika Desemba. Krismasi inakaribia, uchaguzi unakaribia, soko limefurika. Mananasi, kabichi, machungwa, maganda yake yote yakaletwa kwetu kwa mikokoteni, na mwenyekiti akasema tusikatae hata mzigo mmoja. Tulilishindilia lile tangi. Mtu yeyote aliyewahi kukesha na mtoto aliyekula matunda mengi anajua kilichofuata. Moto ulianza kuwa wa manjano, ukawa mfupi, ukazimika. Harufu ya mayai mabovu ikatoka kwenye kila ufa, ikaruka ua, ikaingia nyumba za majirani. Walipomwita bwana afya sikuwalaumu.

Hakufumba macho kwa muda mrefu siku hiyo. Alichovya kikaratasi chake cha kupimia ukali, akakitazama, akakitikisa. "Mama Tangi, hii kitu imechachuka. Nafunga."

"Wiki hii?" mwenyekiti akaruka. "Wiki ya Krismasi? Na watu wa soko wakule nini?"

"Wakule kwingine. Hii ikimwagika kwa mtaro inaingia kisima ya hawa watu." Akanigeukia mimi, kama kawaida yake anapotoa maagizo. "Msiilishe. Mtu akivimbiwa humwongezi ugali. Ikipumzika vizuri, muipe mavi ya ng'ombe kidogo kidogo, na majivu. Moto ukirudi kuwa bluu, niiteni. Nitakuja na kiu ya chai."

Watu walikuwa wamekusanyika langoni. Siku zile watu walikusanyika kwa jambo dogo tu, na redio zilikuwa zimewapasha moto. Mmoja wao, mwuza viatu vya mitumba ambaye bwana afya alikuwa akimsalimu kila asubuhi, alisema kwa sauti ili wote wasikie, "Mwaka mzima hakufunga hii kitu. Anafunga sasa kwa sababu ni sisi." Kisha akalitaja lile jina la pili.

Mwezi uliotangulia bwana afya alikuwa amefunga bucha ya mtu wa kwao, na watu hawahawa walikuwa wamemsifu, lakini siku hiyo hilo halikukumbukwa. Nilimwambia mwuza viatu afunge mdomo, nikamuuliza kama yeye hana pua. Alinijibu kwamba mimi nimenunuliwa kwa nyanya. Niliwaka kwa hasira.

Bwana afya hakugeuka. Alipigilia msumari, akatundika kibao, akarudi hatua nyuma kukiangalia, akakinyoosha upande mmoja uliolegea. Nilimsubiri aseme neno. "Hayo mavi ya ng'ombe yawe mabichi, Mama Tangi," alisema. "Si ya jana." Akashika fimbo yake akaondoka, na watu wakampisha njia pana kuliko alivyohitaji.

Kilichofuata baada ya kura kila mtu wa Nakuru anakijua, na asiyekijua simwombei akijue. Soko lilifungwa. Moshi uliingia mahali pa vumbi. Uwanja wa maonyesho ukajaa watu na magodoro. Niliambiwa kwamba nyumba ya bwana afya imechomwa, kwamba yeye na mkewe wametolewa kwa lori wakiwa na nguo walizovaa, na kwamba yupo aliyemwona amebeba mkebe mmoja mkononi, ingawa watu husema mengi. Barabara zilipotulia kidogo nilikwenda kuangalia. Paa halikuwepo. Kuta zilisimama na madirisha yake meusi. Shambani nyanya zilikuwa zimeiva zote kwa pamoja, nyekundu, na majirani wawili walikuwa wakizichuma kwenye ndoo.

"Si zitaoza bure, mathe," mmoja aliniambia. "Chukua na wewe."

Sikuchukua. Nilirudi nyumbani nikalia, na nilipomaliza kulia nikaenda kutazama tangi.

Ninyi mtaniona mjinga, lakini kibao kilikuwa kinaning'inia palepale na mimi nilikitii. Hakukuwa na ofisi iliyofunguliwa, hakukuwa na mtu wa kutukagua, na wenzangu walikuwa na njaa. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, alikuwa na wajukuu waliokimbilia kwake kutoka kila upande. "Bwana afya wako hayuko," alisema. "Tulilishe, tuwashe, tupike. Nani atatuuliza?" Nilimwambia nitamuuliza mimi. Alinitazama, akaona sina mzaha, akaniacha. Kwenda Njoro kuleta samadi hakukuwezekana wakati ule, nikaomba kwa mama mmoja jirani mwenye ng'ombe, kila asubuhi karai moja, ya moto, si ya jana. Majivu hayakukosekana Nakuru mwezi ule. Nilitia kidogo kidogo. Nilitega sikio kwenye saruji kama alivyokuwa akitega, na kwa siku nyingi nilisikia kimya tu, nikajua na hili limekufa.

Kisha likanguruma. Likanguruma tena. Mwezi wa pili ulipokuwa unaelekea kwisha niliwasha kiberiti, na moto ukasimama wima, bluu, bila masizi. Wenzangu walipiga vigelegele, vya kwanza tangu mwaka uanze. Mimi niliinama mbele ya jiko nikiwa na uchungu ambao sikuutegemea, kwa sababu alikuwa ameniambia nimwite, na sikujua pa kumwitia.

Manispaa ilituletea bwana afya mwingine, kijana mchangamfu. "Niaje, mathe, hapa mambo iko fiti?" Alitazama tangi akiwa langoni, hakuvuta hewa, hakutega sikio, akaandika kibali juu ya goti lake. Nilimkaribisha chai akasema anapendelea soda. Mwenyekiti alimshukuru kwa mikono miwili, na haki alikuwa nayo, watu wakala githeri jioni hiyohiyo. Nilimuuliza kijana juu ya kibao. "Hicho toa tu," alisema akiwa tayari anaondoka.

Sikukitoa. Badala yake niliuliza sokoni, nikauliza kanisani, mpaka nikapata namba ya simu ya mkewe. Walikuwa Olkaria, kwa kaka wa huyo mke anayefanya kazi kwenye mitambo ya umeme wa mvuke. Siku ya safari niliamka alfajiri, nikawasha jiko la tangi, nikachemsha strungi, nikaijaza kwenye thamosi. Kikombe cha bati nilikifunga kwenye leso. Njia nzima nilikuwa nimeishika thamosi kifuani, na moyoni nilikuwa na mpango kamili. Nitammiminia. Atakataa, kwa sababu hajakagua. Nitamwambia, basi njoo ukague. Na kwa kuwa ni yeye, kibao kikimngoja, hatakuwa na la kufanya ila kuja. Mpango huo ulinifurahisha hata nikatabasamu peke yangu.

Olkaria mvuke unatoka ardhini. Mabomba makubwa yanapanda na kushuka vilimani, na hewa yote inanuka mayai mabovu. Niliposhuka nilisimama nikashika pua. Ilikuwa harufu ya tangi letu lilipochachuka, ileile, imejaa toka ardhini hadi mawinguni, na watu wanapita ndani yake wakisalimiana.

Mkewe alinipokea mlangoni, akanishika mkono muda mrefu. Alikuwa amekonda. "Uko salama, Mama Tangi? Ingia. Labda kwako ataongea." Alishusha sauti. "Siku hizi hata hafunui sufuria zangu."

Bwana afya alikuwa ameketi nyuma ya nyumba juu ya kreti, amevaa sweta la shemeji yake lililomzidi mabega. Miguuni alikuwa na ndala. Nilikuwa sijawahi kuona vidole vya miguu ya bwana afya. Alinisalimu vizuri, akamuulizia mwenyekiti, akauulizia mgongo wa mwenyekiti, akamuulizia mhadhiri. Hata mwuza viatu alimuulizia. Hakuulizia tangi. Nilingoja, na mwisho nikashindwa.

"Hujaniuliza kama limepona."

"Limepona?"

"Moto wa bluu. Wima. Nililipa majivu na mavi mabichi kama ulivyosema."

"Vizuri, mama." Alitazama mabomba. "Hapa pua haina kazi, unaona? Kila kitu kinanuka kama ile siku nilifunga. Mwanzo nilikuwa naamka nikitafuta ni wapi. Siku hizi nimezoea."

Nikafungua leso nikatoa kikombe chake. Alikitambua, nikaona kope zake zikicheza. Nilimimina. Chai ilikuwa bado ina joto, na mvuke wake ulipanda ukachanganyika na ule mwingine. Nikamnyooshea, na maneno yangu yakiwa tayari mdomoni, njoo kwanza ukague.

Alikipokea kwa mikono miwili. Hakukinusa. Alikiinua akanywa, hakushika funda mdomoni, akanywa moja kwa moja kama mtu anayekunywa maji, mpaka kikombe kikaisha.

"Iko sawa," alisema.

Nilitaka akatae. Nilikuwa nimesafiri njia yote ile ili nikataliwe, na mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa mpole, mwenye shukrani, tayari kunywa chochote atakachopewa. Nilimpokea kikombe nikasema kwamba kibao chake bado kiko langoni.

"Kitoe tu, Mama Tangi."

"Kibao anatoa aliyekiweka."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilidhani atacheka. Mdomo wake ulianza. Kisha akainama akawa anavuta uzi uliochomoka kwenye mkono wa lile sweta, akauvuta, akauvuta, na mkewe akaja akaniambia kwa upole kwamba gari la mwisho la kurudi haliko mbali.

Tangi linafanya kazi. Tope tunalilaza juu ya majani ya ngano, tunaligeuza, na mikebe nimeipanga dirishani pangu kwa sababu ofisini hakuna anayeitaka. Kibao kiko langoni. Mvua na jua vimeula wekundu wake, na wateja wapya wanaokuja kununua mbolea husimama nje, wasijue kama waingie. Nawaambia waingie, tuko wazi. Wakiniuliza kwa nini basi sikiondoi, nawaambia aliyekiweka bado hajafika.